"Niwekee mapana, gari libebe": dhana potofu za matairi ya HiAce ya kulala

Wiki hii nimeisikia mara tatu, na leo ni Alhamisi tu. Mtu kanunua HiAce, kaipeleka Keko kwa maseremala, kawekewa kitanda, kabati, jiko la gesi na tangi la maji. Sasa anataka kwenda Mikumi na familia. Anaegesha kwangu Gerezani, analipiga teke tairi la nyuma: "Fundi, haya membamba toa. Niwekee mapana, gari libebe mzigo."

Upana haubebi mzigo. Kinachobeba ni upepo, na mwili wa tairi unaoushikilia huo upepo. Uwezo wake umeandikwa ubavuni, baada tu ya saizi, na ndiyo namba ambayo hakuna mteja anayeinama kuisoma. HiAce nyingi zinakuja na 195/80R15 107/105. Hiyo 107 ni kilo 975 kwa tairi moja. Hiyo 105, kilo 925, ni ya magari yenye matairi mawili mawili kila upande nyuma, haikuhusu. Sasa chukua hilo pana linalopendwa, 215/65R15 96H, tairi la gari dogo. Namba 96 ni kilo 710. Membamba mawili nyuma yanabeba kilo 1,950. Mapana mawili, kilo 1,420. Umeongeza hela, umepoteza zaidi ya nusu tani. Ile H, kwa taarifa yako, inakuruhusu kukimbia kilomita 210 kwa saa. Na kabati la sufuria nyuma? Hongera.

Kuna kaka mmoja alifungiwa mapana hayo kwingine, akaja kwangu akitokea Iringa, analalamika gari linayumba. Nililitoa tairi la nyuma kwenye rimu, ukamwagika unga mweusi kama kahawa iliyosagwa. Akadhani ni vumbi la njiani. Vumbi linaingiaje humo? Ule ni ubavu wa tairi lenyewe: ulikuwa ukikunjwa na uzito kila mzunguko, ukichemka, ukijisaga kwa ndani. Nje kashata, yale maua yanayokanyaga barabara, bado mpya kabisa, hata vile vinyweleo vya mpira havijaisha. Tukalipeleka gari kwenye mizani na mzigo wake wote: ekseli ya nyuma peke yake kilo 1,640. "Lakini ni kitanda tu, fundi." Kitanda, kabati, betri mbili, mtungi wa gesi, na tangi la lita 100, ambalo likijaa ni kilo 100 za maji.

Kwa hiyo pima kwanza, gari likiwa na mzigo wa safari na watu wake, ndipo tuongee saizi. Ukitaka pana, nitakupa pana, lakini liwe lenye alama ya C au LT, yaani la gari la mizigo, na namba yake isishuke chini ya ile ya kiwandani. Usiniambie habari za 8PR kwamba ni tabaka nane. Matairi ya siku hizi hayahesabiwi hivyo. Ni daraja la nguvu tu.

Hata hizo kilo 975 hazipatikani kwa upepo wa psi 35. Mafundi pancha wetu wanajaza 35 kila kitu, kuanzia Vitz hadi HiAce. Soma karatasi iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Gari la Japani litakupa kPa. Gawa kwa 6.9 upate psi. Yaani 350 ni kama 51. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Na yule anayekushauri Chalinze saa saba mchana upunguze upepo kwa sababu "umepanda", mshukuru, ondoka. Upepo lazima upande tairi likipata moto. Kipimo cha asubuhi kimeshalihesabu hilo.

"Yameingia kwenye rimu, basi yamefaa." Bado. 235/75R15 ni refu kuliko la kiwandani kwa sentimita nne hivi. Kata usukani mpaka mwisho gari likiwa limebeba, usikilize linavyokwaruza bodi. Na mshale wa spidi ukikuonyesha 50 unatembea 53, na askari mwenye tochi hatapima mshale wako.

Kuchanganya saizi mbele na nyuma kwenye HiAce ya 4WD: usifanye. Utaua mfumo wa kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma.

Halafu spea. Watu wanabadilisha manne, spea inabaki ya saizi ya zamani. Pancha ikitokea nyuma, difu inafanya kazi njia nzima kana kwamba gari linakata kona. Ukinunua la tano, jaribu kwanza kama linaingia kwenye mnyororo wake chini ya gari. Mteja wangu mmoja hakujaribu. Alilipakia juu ya kile kitanda cha Keko, na mkewe akaenda nalo ubavuni mpaka Mikumi.