Acheni Kugusagusa Mashine

Juma lililopita meneja wa kiwanda kimoja cha chupa alinionyesha opereta wake kwa fahari: "Huyu kijana habanduki kwenye skrini. Uzito ukisogea kidogo tu, anarekebisha." Sifa hiyo nimeshaisikia mara nyingi mno, na kila ninapoisikia, nyuma ya mashine kuna magunia ya preformu mbovu, yaani vile vibomba vya plastiki vinavyopulizwa kuwa chupa.

Dhana: kipimo kikitoka kwenye lengo, rekebisha mashine hapo hapo.

Ukweli: kila mchakato una mtikisiko wake wa kawaida. Preformu ya gramu 20 itatoka 20.05, halafu 19.96, halafu 20.02, na hakuna kilichobadilika. Opereta akiona 20.05 akapunguza shinikizo, ameshusha wastani mzima kwa sababu ya preformu moja. Inayofuata inakuja nyepesi, anapandisha. W. Edwards Deming, mtaalamu wa takwimu na ubora, alilionyesha hili kwa faneli na gololi: ukisogeza faneli kila mara kufidia kosa la mwisho, variansi (kipimo cha mtawanyiko) inakuwa mara mbili ya ile ya kuiacha itulie.

Pale kiwandani niliomba skrini isiguswe kwa saa mbili. Tukapima preformu kila robo saa, kila tundu la moldi (kila tundu hutoa preformu moja) kwa namba yake. Uzito ulitulia, isipokuwa tundu la 17, lililokuwa jepesi mwanzo hadi mwisho. Geti yake, mlango wa kuingizia plastiki, ilikuwa imeziba nusu! Shinikizo linalowekwa kwenye skrini linagusa matundu yote kwa pamoja, kwa hiyo kijana alikuwa anayaharibu mazima akimtafuta mgonjwa mmoja.

Chati ya udhibiti, grafu ya vipimo yenye mstari wa wastani na mipaka ya juu na chini, tunayo tangu mtakwimu Walter Shewhart alipoichora mwaka 1924. Nukta ikitoka nje ya sigma 3 (mikengeuko sanifu mitatu kutoka kwenye wastani), au nukta 8 zikikaa mfululizo upande mmoja wa wastani, hapo tafuta sababu. Na jamani, mipaka hiyo inakokotolewa kutoka kwenye vipimo vyenu wenyewe. Vipimo vinavyoruhusiwa kwenye mchoro wa mteja havihusiki.

Wengine husema mkaguzi wa mwisho ndiye mlinzi wa ubora. Anapoikuta mbovu, resini (plastiki ghafi) na umeme vimeshakwenda.

Wapo wanaoniita nikafungue pampu. Hiyo ni kazi ya fundi wa matengenezo, na anaiweza kuliko mimi. Mimi niiteni mashine ikiwa nzima na bidhaa bado ni mbovu.

Halafu kuna hili la kwamba PET, resini ya chupa, iliyotoka kwenye mfuko uliofungwa ni kavu. Si kavu kiasi cha kutosha. Unyevu unatakiwa uwe chini ya gramu 50 kwa tani kabla haijayeyushwa, la sivyo maji yanakata minyororo ya polima na chupa inakosa nguvu. Ipe saa 4 hadi 6 kwenye draya, mashine ya kuikausha. Chupa zikianza kupasuka, kabla hujagusa joto la skrubu inayoyeyusha plastiki, kasome kwanza kiwango cha umande cha hewa ya draya (joto ambalo mvuke wake huanza kuganda): kinatakiwa kiwe karibu nyuzi 40 chini ya sifuri.