Vipepeo wa njano wa Dar: tunayoambiana mtaani na ukweli wenyewe

Kuna watu wanaamini kipepeo wa njano ni mmoja tu, wa Mbagala ndo huyo huyo wa Tegeta. Si kweli jamani. Wale wadogo wanaoruka chini chini kwenye majani, mbawa zina ukingo mweusi, ni jenasi ya Eurema, na humo humo kuna spishi kadhaa kama hecabe na brigitta. Tena wa masika na wa kiangazi hawafanani, wa kiangazi ule weusi unapungua na kwa chini anapata madoa ya kahawia, basi mtu akiwaona anaapa kabisa ni aina mbili.

Mkubwa anayepita mbio kama kaachwa na daladala ni Catopsilia florella, huyu ndo anachanganya kuliko wote. Dume ni mweupe, jike anaweza kuwa mweupe au wa njano, kwa hiyo ukimuona wa njano ujue huyo ni mama. Ndugu zao wa jenasi ya Colias kule Ulaya na Marekani wamegeuza mambo, madume ni ya njano au rangi ya chungwa halafu baadhi ya majike ndo meupe, na ni kitu cha kurithi, sio ugonjwa wala uzee.

Yule wa chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe je? Huyo ni Danaus chrysippus, sio ukoo wao kabisa. Anatembelea miguu minne, wale wa njano wanatumia sita, na ana sumu aliyoitoa kwenye mimea tangu akiwa kiwavi, ndege wanamjua. Hata jike la Hypolimnas misippus linamuigiza ili lisiliwe, ujanja wa mjini huo.

Unga wa mbawa unapofua macho? Hapana, ni magamba madogo sana, ndo yenye ile rangi, yatakukera kama vumbi lolote basi.

Na viwavi wa kijani kwenye mjohoro wako, ndo watoto wa florella, hawawashi, wanaowasha ni wale wa manyoya, acha kuwamwagia mafuta ya taa.

Vipepeo wanaojazana kwenye matope nao hawatabiri mvua, wengi ni madume wananyonya chumvi, na sehemu ya hiyo chumvi dume anampa jike wakati wa kupandana, mahari kabisa hiyo.