Moyo husukuma kile unacholetewa

Karibu kila anayepanda mashine ya kukimbilia mbele yangu ili apimwe moyo huuliza jambo moja: mapigo yamefika mangapi? Saa za mkononi zimetuzoesha hivyo. Mimi huangalia zaidi damu inarudije moyoni na inaelekezwa wapi, kwa sababu moyo hauwezi kusukuma damu ambayo haujaletewa.

Tuanze na mtu mzima aliyekaa kitini, ametulia. Moyo wake hupiga kama mara 70 kwa dakika, na kila pigo ventrikali ya kushoto, chumba cha chini cha moyo kinachosukuma damu mwilini, hutoa takribani mililita 70. Ukizidisha unapata karibu lita 5 kwa dakika, yaani kiasi kinachokaribia damu yote aliyo nayo. Upande wa kulia nao hupeleka kiasi kilekile mapafuni. Ni lazima iwe hivyo, maana wa kushoto ukizidiwa, damu huanza kurundikana mapafuni.

Hayo mapigo 70, hata hivyo, si mwendo wa moyo wenyewe. Kwenye ukuta wa atiria ya kulia, chumba cha juu cha moyo, kuna kundi dogo la seli linalojianzishia umeme bila kuagizwa na ubongo, na likiachwa peke yake hupiga kama mara 100 kwa dakika. Kinacholipunguza kasi ni neva ya vagasi, ambayo hushikilia breki muda wote tunapopumzika. Mtu akiinuka na kuanza kutembea, mapigo hupanda karibu papo hapo kwa sababu breki imelegezwa tu. Neva za simpathetiki, zile zinazouharakisha moyo, pamoja na adrenalini huongeza msukumo kadiri kazi inavyozidi. Wapo wanaofika 95 nikiwa bado nabandika waya kifuani, hawajapiga hata hatua moja. Hilo halinisumbui, ubongo umeshaanza kujiandaa.

Sasa akimbie kweli. Lita 5 zinakuwa kama 20 kwa kijana mwenye afya asiye mwanariadha, na kwa wakimbiaji wa kiwango cha juu huzidi 30. Mapigo peke yake hayatoshi kueleza ongezeko hilo: kutoka 70 hadi 190 hata mara tatu haijafika. Kinachobaki ni kila pigo kubeba damu nyingi zaidi, na hapo ndipo miguu inapoingia. Wakati wa kupumzika, kama theluthi mbili ya damu yetu imo kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Shika shavu la mguu wako kisha uinue kisigino: utasikia msuli unavyokuwa mgumu. Msuli huo unabana vena zilizo ndani yake, na kwa kuwa vali za vena hufunguka kuelekea moyoni tu, damu haina njia nyingine ila kupanda. Kila hatua hufanya hivyo, na kila pumzi unayovuta nayo husaidia kuivuta damu kifuani. Ventrikali iliyojaa zaidi hunyoosha nyuzi zake, nazo zikinyooka hujikaza kwa nguvu zaidi. Hiyo ndiyo kanuni inayoitwa kwa majina ya wanafiziolojia Otto Frank na Ernest Starling.

Inakokwenda damu hiyo huamuliwa na arterioli, vimishipa vinavyoweza kubana na kulegea. Ukiwa umepumzika misuli hupata kama sehemu moja kwa tano, na figo kiasi hichohicho. Ukikimbia kwa nguvu, zaidi ya asilimia 80 huenda kwenye misuli. Figo na utumbo hubaniwa; ubongo hauguswi sana. Msuli unaofanya kazi hujifungulia wenyewe: joto, asidi na kabonidayoksaidi vinavyozalishwa humo hulegeza arterioli zake.

Ndiyo maana namba ya juu ya presha, ya moyo ukijikaza, inaweza kutoka 120 hadi 190 katikati ya kipimo huku ya chini, ya moyo ukilegea, ikibaki 80 au kushuka kidogo. Watu hushtuka wakiiona hiyo 190. Kunyanyua chuma kizito ukiwa umebana pumzi ni habari nyingine, hapo zote mbili hupanda.

Kuna kiungo kimoja ambacho hali yake ni ngumu kuliko vyote, nacho ni moyo wenyewe. Ventrikali ya kushoto hupata sehemu kubwa ya damu yake inapolegea, kwa kuwa ikijikaza huibana mishipa iliyomo ukutani mwake. Kwa mapigo 75, pigo moja huchukua sekunde 0.8, na kama sekunde 0.5 kati ya hizo ni za kulegea. Kwa mapigo 180, pigo zima ni sekunde 0.33. Isitoshe, hata ukipumzika, moyo huchota takribani asilimia 70 ya oksijeni iliyo kwenye damu yake, kwa hiyo akiba ni ndogo. Njia iliyobaki ni mishipa yake kupanuka ili damu nyingi zaidi ipite. Mshipa uliozibwa nusu na mafuta hauwezi kupanuka vya kutosha, ndipo mtu anapobanwa kifua akipanda ngazi na kupata nafuu akisimama.

Kipimo kikiisha, kwa kawaida siizimi mashine ghafla. Namwacha mtu atembee polepole. Akisimama wima palepale, misuli ya miguu inaacha kusukuma ilhali arterioli zake bado ziko wazi. Damu hutuama chini, moyo unakosa cha kusukuma, naye anaanza kuona giza. Akilazwa chali, miguu ikainuliwa, hupata nafuu upesi.