Je, wajua kwa nini Seoul ina mtaa wa maduka chini ya ardhi kando ya kituo cha mabasi, na Nairobi duka hukufuata dirishani?

Panda matatu ya kwenda Rongai pale Railways, steji iliyo kando ya stesheni ya treni ya Nairobi, saa nane mchana, gari likiwa na viti sita havijajaa. Kabla makanga hajapiga bodi kuashiria safari, dirishani kwako watakuwa wamepita muuza maji, wa njugu, wa chaja za simu na wa soksi jozi tatu kwa mia. Wewe huendi popote. Ukishuka kununua kitu ng'ambo ya barabara, kiti kimekwenda, na huenda gari nalo limekwenda. Basi muuzaji ndiye anayetembea.

Kule Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, mambo ni kinyume. Kituo kikuu cha mabasi ya masafa marefu kiko mtaa wa Banpo, kusini ya mto Han, na chini ya barabara iliyo karibu nacho kuna mtaa wa maduka unaoitwa Goto Mall. Una urefu wa mita 880 hivi na maduka kama 620: nguo, viatu, mapazia, maua ya bandia, vyombo. Ulianza 1985, mwaka uleule laini ya 3 ya treni ya chini ya ardhi ilipofika hapo. Laini ya 7 ilifuata mwaka 2000, ya 9 mwaka 2009, na mtaa wenyewe ukakarabatiwa 2012. Abiria hushuka kwenye basi, huteremka ngazi, hupita madukani, kisha huingia kwenye treni bila kunyeshewa.

Kwa nini sisi hatuna kitu kama hicho? Jibu la haraka ni kwamba hatuna pesa. Halitoshi. Mji uliojengewa barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands haushindwi kuchimba shimo la mita mia chache. Majengo kadhaa ya katikati ya mji na ya Upper Hill yana ghorofa za maegesho chini ya ardhi, kwa hiyo udongo mweusi wa mfinyanzi na mwamba mgumu ulio chini yake huongeza gharama lakini hauzuii kazi. Tofauti kubwa iko kwenye tiketi.

Tiketi ya basi la masafa marefu la Korea huandikwa saa ya kuondoka na namba ya kiti. Ukiwa nayo, kiti ni chako hata ukiwa unajaribu viatu ghorofa ya chini. Ukifika nusu saa mapema, una nusu saa ya miguu huru na mfuko wenye pesa. Matatu haina saa; huondoka ikijaa. Kiti chako unakilinda kwa kukikalia, na jioni watu wakizidi magari, nafasi yako kwenye foleni unailinda kwa kusimama. Mchana magari yanapojaa polepole, makamagera (wapiga debe) wa steji huweka hata abiria bandia viti vya mbele, gari lionekane linakaribia kuondoka. Ukipanda, wao wanashuka. Hesabu upya viti vilivyobaki kabla hujaamini sauti ya "mbili mbao, twende!", yaani viti viwili vimebaki, nauli shilingi ishirini.

Jambo hilohilo ndilo linaloamua ukubwa wa kituo. Chukua gari la abiria 33. Likikaa dakika 20 likijaza, nafasi moja ya kupakia inahudumia magari matatu kwa saa, yaani watu 99. Likipewa dakika sita tu kisha liondoke kwa saa yake, nafasi ileile inahudumia magari kumi, watu 330. Kituo cha kupakia watu 3,000 kwa saa kitahitaji nafasi 31 kwa mtindo wa kwanza na kumi kwa mtindo wa pili. Juu ya ardhi, kwenye kiwanja cha murram, tofauti hiyo ni usumbufu tu. Ndani ya jengo la zege lenye ghorofa ni mabilioni, na hakuna mwenye pesa atakayejenga nafasi tatu ili magari mawili yasimame yakisubiri watu.

Watu wengi hudhani katika vituo hivi mabasi ndiyo yanayofichwa chini. Kwa kawaida ni kinyume, na sababu ni za kifundi. Basi la mita 12 hugeuka kwenye duara pana, halipendi mteremko mkali, na moshi wake ukiwa chini ya ardhi lazima uvutwe na feni usiku na mchana. Binadamu anahitaji mita tatu za kimo na ngazi. Ndiyo maana kituo cha Port Authority cha New York, kilichofunguliwa 1950, hupandisha mabasi ghorofani kwa barabara za kupinda na kuwateremsha watu kwenye njia za treni. Busta Shinjuku ya Tokyo, iliyofunguliwa Aprili 2016, ina mabasi yanayoondokea ghorofa ya nne, juu ya reli. Maduka hujipanga mahali watu wanapolazimika kupita, na pale penye treni ya chini ya ardhi, watu hulazimika kupita chini.

Nani alilipa? Maduka mengi ya chini ya ardhi ya Seoul yalichimbwa na makampuni binafsi. Kampuni hugharimia ujenzi, hupewa haki ya kukusanya kodi kwa miaka kama 20, kisha huikabidhi serikali ya jiji mali yote. Na kuna sababu nyingine isiyohusu biashara: vita vya Korea vilisimama 1953 bila mkataba wa amani, na njia pana za chini zilihesabiwa pia kuwa maficho ya raia wakishambuliwa kutoka angani. Nairobi haina hofu hiyo, na tushukuru.

Sasa hatari zake, maana mtaa wa chini ukiharibika huharibika vibaya.

Moto kwanza. Juu ya ardhi, moshi hupanda na mtu hukimbia pembeni. Chini, moshi hupanda ngazi, na ngazi ndiyo njia pekee ya mtu. Wote wawili wanagombea mlango mmoja. Kwa hiyo mtaa wa aina hii hugawanywa vipande kwa vizuizi vya kuzuia moshi, huwekewa feni za kuuvuta na mabomba ya maji darini, na milango ya kutokea hupewa namba kubwa, kwa kuwa chini hakuna jengo refu la kukuonyesha uko wapi. Gesi inatisha zaidi. Tarehe 16 Agosti 1980, mlipuko wa gesi kwenye maduka ya chini ya ardhi karibu na stesheni ya Shizuoka, Japani, uliua watu 15 na kujeruhi zaidi ya 200, na serikali ikakaza sana masharti ya kujenga maduka ya namna hiyo. Muuza chipsi wetu mwenye mtungi wa gesi asingeruhusiwa kushuka hata kidato kimoja. Wa mahindi ya kuchoma hata zaidi, kwa sababu hewa ya sumu ya makaa haina harufu na huua kimya mahali pasipopita upepo.

Kisha maji. Mvua inayoanguka moja kwa moja kwenye mdomo wa ngazi si kitu: mvua kali ya milimita 50 kwa saa, kwenye mdomo wa mita za mraba 20, huingiza lita 1,000 tu kwa saa, na pampu ndogo inazimudu. Kinachozamisha ni maji ya barabarani mitaro ikishaziba kwa chupa na karatasi, na aliyeona mji huu wakati wa masika ya 2024 hahitaji kuelezwa. Maji ya kimo cha nusu mita yakisimama nyuma ya mlango wa upana wa sentimita 80, huusukuma kwa nguvu ya uzito wa kilo 100. Ukisukuma pale kwenye kitasa, bado unahitaji kama kilo 50. Mtu mzima mwenye nguvu atahangaika; mtoto hawezi. Katika mafuriko ya Fukuoka ya Juni 1999, karibu na stesheni ya Hakata, mfanyakazi wa mkahawa alikufa maji akiwa chini ya jengo. Na stima ikipotea, pampu na feni zinahitaji jenereta inayowaka ndani ya sekunde chache, iliyowekwa juu. Kuna wajenzi waliowahi kuiweka chini, ikawa ya kwanza kuzama.

Tukirudi kwetu, mtaa wa maduka wa kituo cha mabasi upo, ila umelazwa juu ya ardhi. Abiria wa Thika Road anayeshukia upande wa Ngara na anaelekea Rongai hutembea zaidi ya kilomita moja kupitia barabara za Tom Mboya na Moi Avenue hadi Railways. Mwendo huo ndio Goto Mall yetu. Ndio uliozaa eksibisheni: duka moja la zamani lililokatwakatwa kuwa vibanda ishirini au zaidi, kila kimoja kikiwa na kioo, taa nyeupe na kabati la simu au viatu. Kibanda cha mlangoni hulipiwa kodi kubwa kuliko cha ndani, na mpangaji mpya hutozwa gudwili, yaani ada ya kuachiwa nafasi, hata kabla ya kodi. Bei hiyo hufuata miguu. Steji ikihamishwa, gudwili hushuka.

Ndiyo maana kila jaribio la kuondoa matatu katikati ya mji hukutana na ukuta. Soko la Muthurwa lilijengwa likiwa na steji yake ili kuwavuta wachuuzi kutoka mjini, na wengi wao walirudi walikotoka kwa kuwa wanunuzi hawakuhama nao. Desemba 2018 matatu zilizuiwa kuingia mjini, watu wakatembea kwa miguu, na amri ikasimamishwa wiki hiyohiyo. Green Park, kando ya Uhuru Highway, ilifunguliwa 2022 ikiwa na lami safi na taa, lakini iko pembeni: abiria bado ana mwendo wa kuingia mjini, na mwendo huo ndio wenye maduka.

Kama kuna mahali pa kuchimba, ni pale Railways. Treni za Syokimau, Ruiru, Kikuyu na Embakasi huondoka kwa saa iliyoandikwa, kwa hiyo hapo tayari pana watu wenye dakika za kusubiri. Njia fupi ya kuvuka chini ya barabara ya Haile Selassie hadi mwanzo wa Moi Avenue ingetosha. Watu 6,000 kwa saa ni 100 kwa dakika. Korido hupitisha kama 80 kwa dakika kwa kila mita ya upana, na ngazi kama 60. Kwa mwendo tu, mita mbili zinatosha. Lakini wapo wanaokuja na wanaokwenda, na wapo wanaosimama kutazama vioo, kwa hiyo acha mita sita katikati na vibanda vya kina cha mita mbili kila upande. Mkokoteni usiingie. Na kila mlango upandishe vidato vitatu na kijia cha kiti cha magurudumu kabla ya kuanza kushuka, la sivyo mvua ya kwanza ya Aprili itateremka pamoja na abiria.