Kifaa cha mdomoni cha kuzuia kukoroma ni nini?

Ni kifaa cha plastiki ngumu kinachovaliwa kwenye meno ya juu na ya chini wakati wa kulala, ili taya la chini lisogee mbele milimita chache na kubaki hapo.

Mtu akilala, misuli ya koo hulegea, ulimi ukarudi nyuma na njia ya hewa ikabana. Hewa ikipita hapo hutikisa kaakaa laini (sehemu laini ya nyuma ya paa la kinywa) na kimio, kinyama kinachoning'inia hapo, ndipo anapokoroma. Kwa wengine njia huziba kabisa na pumzi ikakatika kwa sekunde 10 au zaidi, mpaka ubongo umgutushe avute hewa. Hiyo ndiyo apnea ya usingizi. Asubuhi huamka kichwa kinauma, mchana anasinzia, hata kwenye usukani. Apnea hii pia huendana na shinikizo la juu la damu.

Kwa kuwa shina la ulimi limeshikamana na taya, taya likivutwa mbele, ulimi nao hufuata na koo likapanuka. Kifaa bora hutengenezwa na daktari wa meno kwa vipimo vya kinywa chako, kisha hurekebishwa kwa wiki kadhaa ili kisogeze taya mbele kidogo kidogo. Vya dukani, vinavyolainishwa kwa maji ya moto na kung'atwa, ni rahisi kupata lakini havikai sawasawa. Asiye na meno ya kutosha anaweza kupewa aina inayoshika ulimi wenyewe.

Ukali wa apnea hupimwa kwa idadi ya mara ambazo pumzi hukatika au kupungua sana kwa saa: 5 hadi 14 ni hafifu, 15 hadi 29 ni ya kati, 30 na kuendelea ni kali. Iliyo kali hutibiwa kwanza kwa mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa, tiba ambayo daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliitangaza mwaka 1981. Hata hivyo, kwa asiyeivumilia barakoa, kifaa cha mdomoni anachokivaa usiku kucha kinamfaa kuliko mashine iliyofungiwa kabatini.

Ninalosisitiza ni hili: mkoromo unaweza kutulia huku pumzi ikiendelea kukatika. Kwa hiyo pima usingizi, yaani pumzi yako ichunguzwe ukiwa umelala, kabla ya kununua chochote, na upime tena ukiwa umekivaa. Mate kujaa na taya kuuma asubuhi ni kawaida siku za mwanzo, lakini meno yanaweza kuhama polepole kwa miaka, hivyo endelea kumwona daktari wa meno.