Gari Linazima Kwenye Sailensa? Weka Bisibisi Chini Kwanza

Magari mengi ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli, yanayoletwa hapa gereji Ilala kwa ugonjwa wa kuzimazima, kabureta yake ni nzima. Imesingiziwa tu. Mwenye gari ameshinda foleni ya Tazara, kila akiachia mafuta injini inatetemeka na kuzima. Jioni anapita kwa fundi wa mtaani, fundi anazungusha kila skrubu anayoiona. Sailensa, yaani mwendo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, inapanda, gari linaondoka linanguruma kama bodaboda, na wiki haiishi limerudi palepale.

Ukiondoa mguu kwenye mafuta, bamba la hewa ndani ya kabureta linakaribia kufunga kabisa. Injini inavuta kwa nguvu chini yake, na petroli haipiti tena kwenye jeti kubwa, inapita kwenye kijitundu cha jeti ya sailensa, upana wake karibu nusu milimita. Mchanganyiko unaotakiwa ni kama gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, na hapo unapimwa kwa kiasi kidogo mno. Hewa ya wizi, yaani isiyopita kwenye kabureta, ikiingia kwingine, hesabu imevurugika. Ukikanyaga mafuta, hewa inayopita ni nyingi na ile ya wizi haionekani tena. Ndiyo maana gari linakimbia vizuri Barabara ya Morogoro, halafu linakufa kwenye taa za Magomeni.

Plagi, taimingi (wakati wa kupiga cheche) na tapeti (nafasi ya valvu) ziwe sawa kwanza. Hapo sina maneno mengi.

Kisha, injini ikishapata moto, vuta choki, ile inayopunguza hewa mdomoni mwa kabureta, kidogo kidogo. Kama choki inajiendesha yenyewe, funika nusu ya mdomo wa kabureta kwa kipande cha boksi. Sailensa ikitulia, injini ina njaa ya petroli: kuna hewa ya wizi au jeti imeziba. Ikizidi kukaba na kutoa moshi mweusi, petroli imezidi. Kipimo hiki hakina gharama, na sijui kwa nini wengi wanakiruka.

Kuna mama wa Mbagala alileta Starlet EP71, ile ya injini ya 2E, ameshabadilishiwa kabureta mara mbili. "Fundi, niliuze tu?" "Subiri kwanza, mama." Boksi lilipofunika mdomo, gari likatulia. Nikaubana kwa koleo mpira mnene unaotoka kwenye manifoldi, njia ya kutoka kabureta kuingia injini, kwenda busta ya breki, sailensa ikakaa sawa papo hapo. Kwa juu mpira ulionekana mzima. Nilipolegeza klipu, chini yake kulikuwa na ufa wa robo duara, kingo zake zimekakamaa kwa joto.

Bana mipira yote hivyo, mmoja mmoja. Ikiwa mizima, nyunyizia maji kwenye gasketi ya manifoldi na kitako cha kabureta. Mlio ukibadilika, umemkamata mwizi. Wapo wanaonyunyizia petroli. Kwenye injini ya 4K ya Corolla KE70, manifoldi ya ekzosi iko upande uleule, chini ya kabureta, na injini ina moto. Mimi hapo sisogei karibu.

Kama hewa haivuji, rudi kwenye jeti. Kabureta nyingi za Kijapani zina kivalvu cha umeme kinachofunga njia ya sailensa ukizima gari. Washa swichi bila kupiga stata, usikie "tik". Kusipo na mlio, fuata waya wake. Kuna mafundi wanaokata ncha ya sindano yake ili njia ibaki wazi, halafu mwenye gari anashangaa kazima swichi na injini bado inagugumia. Jeti yenyewe isafishwe kwa dawa na upepo wa kompresa. Kuichokonoa kwa uzi wa waya kunapanua tundu.

Petroli ikizidi, tazama kijioo cha floti, kile kielea kinachopima mafuta ndani ya kabureta: mafuta yakae katikati. Yakipanda, sindano ya floti haizibi, aghalabu kwa uchafu wa tanki.

Sasa bisibisi. Injini iwe na moto, eya kondishena imezimwa. Funga skrubu ya mchanganyiko polepole mpaka iguse tu, usiikaze, kisha ifungue mizunguko 2 na nusu. Washa, zungusha robo robo hadi injini iende kasi kuliko pote, halafu shusha kwa skrubu ya sailensa hadi mizunguko 750 au 800 kwa dakika. Kibandiko cha chini ya boneti kikiwepo, fuata namba zake, si zangu.

Kabureta yenyewe naihukumu pale shafti ya bamba lake la hewa inapocheza ukiitikisa kwa vidole. Hakuna skrubu itakayofidia hilo. Fundi mchonga vyuma anaweza kuweka bushi mpya, na napendelea hivyo kuliko kununua kabureta mpya ya bei chee kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani ambayo jeti zake hazikupangwa kwa injini yako.

Gari lililotyuniwa Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, likishuka Dar litakuwa na njaa kidogo hata kama kila kitu ni kizima, kwa sababu hewa ya pwani ni nzito zaidi. Hilo fungua skrubu ya mchanganyiko kidogo tu, mipira iache.