Sare Nyingine ya Harusi? Kaeni Kikao Kwanza

Watafiti waliwahi kununua sato na sangara sokoni Mwanza, 20 wa kila aina, wakawapasua na kuchunguza matumbo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalithibitisha plastiki ndani ya samaki mmoja katika kila watano. Miongoni mwa plastiki hizo ilikuwemo poliesta, ambayo ndiyo inayotengeneza nguo nyingi tunazovaa.

Tukilitaja hili katika elimu ya mitaani, watu husingizia mifuko. Lakini mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Bado kuna beseni linalopasuka baada ya mwezi, ndala za msimu mmoja, midoli, chaja za bei chee na blauzi inayochuja kabla haijazoeleka mwilini. Mvua kubwa ikinyesha, Mto Mirongo unabeba vilivyotupwa mitaroni, unapita navyo katikati ya jiji na kuvimwaga Ziwa Victoria. Ambacho hakikununuliwa hakihitaji gari la taka.

Mimi nguo ndizo zinazonisumbua zaidi. Mtumba wenyewe sina ugomvi nao, maana unairefushia nguo maisha. Shida ni kwenda soko la Mlango Mmoja kutafuta suruali moja na kurudi na tano kwa sababu "zimeshuka bei". Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa jinzi moja hula lita 7,500 za maji, kuanzia pamba ikiwa shambani hadi suruali inapofika dukani. Hayo ni madumu 375 ya lita 20. Mama anayepandisha dumu moja kichwani kwenye vilima vyetu vya mawe hahitaji kufafanuliwa.

Halafu kuna sare. Harusi ina kitenge chake, kipaimara kina chake, na siku hizi hata msiba una chake. Kinashonwa kwa haraka, kinavaliwa siku moja, kinalala sandukuni. Anayekataa ataitwa bahili au mwenye maringo, ndiyo maana si haki kumwachia mgeni mmoja mmoja mzigo wa kukataa. Kamati ndiyo itamke: rangi ni kijani, kila mtu avae ya kijani aliyonayo.

Kibaya zaidi ni kununua kwa mkopo wa kausha damu, yaani ule wa mtaani wenye riba kubwa. Tuseme umekopa laki nne uchukue televisheni kubwa, ilhali ya zamani inaonyesha vizuri, na riba ni asilimia 20 kwa mwezi. Ukilipa riba peke yake, kila mwezi inakwenda elfu themanini. Mwezi wa tano umeshatoa laki nne nzima, na deni lipo palepale. Mkopo wa kuongeza mtaji wa dagaa una hesabu yake. Huu wa kubadilisha ukubwa wa kioo sioni utetezi wake.

Kabla ya kununua kipya, pitia kwanza kwa fundi. Pasi na feni nyingi zinazotupwa zina tatizo la waya tu, na soli ya kiatu hushonwa. Masufuria makubwa na viti vya shughuli vinunuliwe na kikundi cha mtaa, kaya ziazime kwa zamu na kuchangia kidogo cha ukarabati. Anayekata sufuria sikio alipe yeye.